Upepo wa Saa za Kazi

Jumatatu, 4 Novemba
Nimekwenda kwenye kikao cha wadau wa nishati, hapa mjini Tanga. Sikuitwa. Nilifuata sambusa. Kumbe serikali inaandika mpango wa taifa wa kuongeza umeme wa jua, upepo na vinginevyo! Mtaalamu kutoka Dodoma, Bwana Methusela, akatandaza ramani na kuweka kidole juu ya Moa. Moa! Kwenye ekari zangu kumi na mbili za urithi, ambako hapaoti kitu ila chumvi na kaa! Nikasimama na sambusa mkononi. Nikasema upepo wa shambani kwangu uliwahi kumbeba mbuzi. Bwana Methusela akaandika. Sikusema mbuzi alikuwa mdogo. Sikusema pia kwamba hakukuwa na mbuzi.

Jumatano, 6 Novemba
Moa, pamoja na Bwana Methusela. Amesimika nguzo ya majaribio katikati ya shamba langu. Fupi, inanizidi kidogo tu, na juu ina vikombe vitatu vinavyozunguka. Kila kizunguko kinaandikwa ndani ya kisanduku. Atarudi Jumanne kusoma.
Doa moja. Kata itapendekeza eneo moja tu, na nesi wa zahanati, Bi Sabiha, anataka liwe zahanati yake, kwa umeme wa jua. Anasema wanawake wanajifungua kwa tochi ya simu. Amekuja na madaftari mawili. Nikacheka moyoni. Jua! Nani hana jua?

Ijumaa, 8 Novemba
Hakuna upepo. Kusi imekwisha, kaskazi haijaanza. Vikombe vimetulia kama vya mgahawa uliofungwa. Nimepiga mluzi. Nimevipulizia mwenyewe hadi nikaona nyota mchana. Vizunguko vinne.
Nimerudi nyumbani Mabawa nimenuna. Hamdiya, mke wangu, kanikalisha mbele ya feni ya sebuleni nipoe. Nikaitazama. Nayo ikanitazama.
Nimemwambia Hamdiya feni inanguruma, naipeleka kwa fundi.

Jumapili, 10 Novemba
Siku ya pili ya upepo! Feni nimeifunga juu ya ngazi, pua kwa pua na vikombe. Shamba halina umeme, kwa hiyo nimeazima jenereta la dizeli la mashine ya kukoboa mpunga. Linaunguruma mpaka kaa wamehama. Vikombe vinazunguka kama vimepagawa! Lita kumi kwa siku, lakini nishati safi ina gharama zake.
Bi Sabiha alipita njiani akienda kuchanja watoto. Akaniamkia shikamoo kutoka ng'ambo ya kichaka. Nikaitika marahaba, uso umejaa masizi. Akauliza mbona upepo wa leo unanuka dizeli. Nikamwambia umepitia Mombasa.

Jumanne, 12 Novemba
Siku mbaya. Nitaandika upesi.
Bwana Methusela amefungua kompyuta yake mbele ya wanakijiji. Akasoma. Akafuta miwani. Akasoma tena. Akasema upepo wa hapa unaanza saa tatu kamili asubuhi. Saa sita na nusu unasimama, saa nane unarudi, saa kumi na moja unafunga. Haupandi, haushuki, na unatoka upande mmoja tu.
Akanigeukia. "Mzee Taimur, upepo huu umeajiriwa?"
Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, nikidhani yamekwisha. Hayakwisha. Akasema takwimu za Moa zimechezewa, hajui nani kachezea nini, na hawezi kupeleka uongo kwenye mpango wa taifa. Ataifuta kata nzima.
Kicheko kikakatika. Bi Sabiha hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikumbatia madaftari yake akaniambia taratibu, "Ami, mwezi huu nina wajawazito saba."
Basi. Nikamshika Bwana Methusela mkono, nikampeleka kichakani nilikoficha vitu, nikamwonyesha. Ngazi. Jenereta. Feni ya Hamdiya, bado imevaa kitambaa chake cha maua. Nikasema ni mimi peke yangu, Moa haina kosa.
Alikaa chini kwenye mchanga. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akainuka, akamwomba Bi Sabiha madaftari. Miaka miwili! Kila siku ya jua, kila siku ya mawingu, kila mtoto aliyezaliwa gizani. Akayasoma yote akiwa amesimama. Zahanati imeingia kwenye rasimu.
Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi. Hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 14 Novemba
Feni imerudi nyumbani inanuka dizeli na dagaa. Picha yangu nikiwa juu ya ngazi imefika kwenye kundi la wasap la ukoo, hadi Maskati. Hamdiya kasema, "Baba Rahaf, tubu." Nimetubu. Nimetubu kweli, kwa udhu na machozi. Sitaidanganya serikali tena maadamu ni hai.

Jumamosi, 16 Novemba
Mtu mpya. Moyo mweupe. Nimekwenda Ngamiani kunyoa. Redio ya kinyozi ikasema mpango wa taifa unatafuta pia jotoardhi. Maana yake maji ya moto yatokayo chini ya ardhi yenyewe!
Nimetoka nusu ya kichwa haijanyolewa. Nimempigia Bwana Methusela, nikamwambia shambani kwangu kuna chemchemi inatokota tangu enzi za babu. Akasema atakuja Jumatano na kipimajoto.
Shimo nimeshachimba. Sufuria la pilau nimeazima msikitini, linaenea barabara. Nimeagiza guta zima la kuni. Nilifikiria mkaa, nikaona hapana. Mkaa unaharibu mazingira.