Kitufe cha Ruka

Idara ya Vibanda vya Soko, Ibra, iliutangazia ulimwengu kwa fahari, pamoja na ndugu zetu wa mji jirani wa Mudhaibi ambao mpaka hapo walikuwa wakitumia karatasi, kwamba mwezi wa Machi 2002 imezindua tovuti. Utepe ulifungwa mbele ya kompyuta, ukakatwa. Waya wa kipanya nao ulikatwa pamoja nao, lakini sherehe haikuharibika, kwa kuwa hakuna mgeni rasmi aliyejua waya ule una kazi gani.

Ninayeandika ni Amur, Katibu wa Kamati ya Ukarimu wa Kielektroniki. Kamati ilikuwa na watu wanane na kompyuta moja. Mwenyekiti wetu alikuwa mkuu wa Idara, Mudir Harub, aliyekwenda Dubai kwenye maonyesho ya kompyuta siku mbili akarudi mtaalamu. Huko aligundua kwamba tovuti za kisasa hazimpeleki mtu kwenye shughuli yake moja kwa moja. Kwanza zinachezesha picha.

Kazi yenyewe alipewa Dalal, binti aliyesomea kompyuta chuoni Sur. Alituletea ukurasa mmoja mweupe: jina, kibanda, tuma. Ulifunguka kabla Mudir hajakaa sawasawa kitini.

"Hii ndiyo nini?" akauliza Mudir.

"Fomu, Mudir. Mtu anaandika jina yake, anatuma, khalas."

"Hata salamu hakuna? Mgeni akibisha hodi kwenu unamuuliza shida yake pale pale mlangoni? Tende hapewi? Habari haulizwi?"

Kamati nzima iliona haya. Tukakaa vikao wiki sita, tukaja na kurasa nane. Kwanza inatokea picha ya Mudir, polepole, kuanzia kilemba kushuka mpaka ndevu. Halafu dele linamimina kahawa huku likicheza. Halafu salamu, kila swali na ukurasa wake: hali, nyumba, watoto, mbuzi, mvua. Fomu iko mwisho kabisa. Chini tuliweka hesabu ya wageni, ikaanzia elfu tano ili mgeni wa kwanza asijione mpweke.

"Ya'ni, Mudir, laini ya simu ya hapa iko pole pole sana," alisema Dalal. "Basi tutie kitufe, imeandikwa 'Ruka'. Siku hizi websaiti zote ina hiyo."

"Aruke salamu?" Mudir aliweka kalamu chini. "Anayeruka salamu si mgeni. Ni mbuzi."

Hapo likapitishwa Azimio Namba Saba: yeyote atakayejibu salamu kabla picha haijamaliza kutokea, arudishwe mwanzo. Dalal alilisoma mara mbili, akamtaka Mudir atie sahihi, akaenda kulitekeleza neno kwa neno.

Sasa niseme tovuti ilikuwa ya nini. Soko la wanawake la Jumatano lina vibanda arubaini, na kilicho bora ni cha mlangoni. Hapo Bi Wadha, mjane aliyezaliwa Unguja, alikuwa akiuza vitumbua na mkate wa kumimina mwaka wa kumi na moja. Hana kazi nyingine wala hana mtu wa kumtazama. Ikatokea kwamba Bi Shaikha, mke wa Mudir, ameanza biashara ya manukato, naye mlango ule umempendeza. Mudir si mtu wa upendeleo. Aliamuru tu kwamba vibanda vyote viombwe upya, kwa tovuti peke yake, Jumamosi mpaka Jumatano saa nane mchana, kisha vigawanywe sawa kwa sawa baina ya walioomba. Sentensi hiyo ya mwisho niliitunga mimi. Barua ikaenda Maskati na mihuri mitatu, ili hata sisi wenyewe tusiweze kuibadilisha.

"Bibi wa miaka sabini na kompyuta, wapi na wapi," Mudir aliniambia kwa masikitiko.

Jumamosi Bi Wadha akaja na chupa yake ya kahawa na kikapu cha tende, akasimama mbele ya kompyuta ya raia, iliyokuwa ukumbini chini ya kitambaa cha kudarizi.

"Mwanangu, wananambia kibanda changu kimo humu ndani."

Nasema kweli, roho iliniuma. Dalal akamvutia kiti, akamwonyesha namna ya kushika kipanya.

Kilemba cha Mudir kikaanza kutokea. "Aa, Harub huyu! Kanenepa." Akajimiminia kahawa, akangoja mpaka ndevu zikatimia. Kompyuta ikamuuliza habari za nyumbani. "Kwema, alhamdulillahi," akaijibu, "ila bomba la jikoni linavuja tangu Ijumaa." Akaisimulia habari za fundi mpaka mwisho, ndipo akabonyeza. Alitumia saa mbili na nusu. Hakurudishwa mwanzo hata mara moja, kwa sababu hakuna pahala alipoona kuna cha kuharakia.

Wengine wote waliwatuma waume na makaka zao, watu wa shughuli nyingi, nao walibonyeza, wakarudishwa, wakabonyeza. Hesabu ya wageni ilifika elfu tisa, tukajipongeza kwa barua.

Mudir mwenyewe alikaa kumwombea mkewe Jumatano saa saba. Alibonyeza kabla ndevu zake hazijatokea. Akarudishwa. Akabonyeza tena.

"Dalal! Niondoshee hizi salamu!"

"Azimio Namba Saba, Mudir. Sahihi yako iko."

Saa nane ilipogonga, tovuti ikafungwa. Mudir alikuwa anaulizwa habari za mbuzi.

Maombi yaliyofika yalikuwa moja. Vibanda arubaini, sawa kwa sawa, kwa mtu mmoja: nilifanya hesabu mara tatu.

Jumatano iliyofuata, kila mwanamke aliyekwenda kwa Bi Wadha alipewa mahali pake pa zamani na finjani ya kahawa. Mwanamume haingii soko lile, kwa hiyo Mudir alichutama nje ya mlango, juani, mkabala na kibanda cha vitumbua, na mimi nyuma yake na faili.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kwa ajili ya kibanda cha—"

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Njema. Kile kibanda—"

Bi Wadha akaweka dele chini. "Naona una haraka. Tuanze upya. Hujambo?"

"Sijambo," alisema Mudir, jasho likimtiririka.

"Na mkeo, umemwacha hajambo?"

"Hajambo, yuko nyumbani, amelala."

Mimi kutoka pale niliposimama nilimwona Bi Shaikha ndani, kibanda cha tatu, anapanga chupa zake za manukato. Alikuja tangu asubuhi, akakaa, akaamkia, akanywa kahawa, akapewa kibanda. Nilitaka kumwambia Mudir. Lakini Bi Wadha ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye habari za watoto, na mimi si mbuzi.