Leseni Iko Jinja

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Habari kubwa! Hajati Nakisige, mwenyekiti wa kina mama wa sokoni, anataka wanachama wake wafundishwe pikipiki. Wamechoka kubebwa na vijana wa boda pamoja na nyanya zao. Ameniita mimi. Amwite nani mwingine? Mimi ndiye Mwalimu Siraj. Nimeendesha tangu nikiwa na nywele. Nusu ya mtaa wetu wa Namakwekwe, hapa Mbale, wamejifunzia kwenye pikipiki yangu, na wengi wao bado wanatembea vizuri.

Tulikutana uwanjani Nabuyonga. Nikaeleza mafunzo yangu. Breki ya mbele ni hatari, usiiguse. Ukishuka mlima, zima injini, petroli ibaki. Kioo kigeuze kimwonyeshe abiria, maana barabara unaiona mwenyewe, lakini abiria anaweza kuruka bila kulipa. Kina mama walisikiliza kwa heshima.

Kisha akatokea Makokha. Mkenya wa Bungoma, anafundisha pikipiki kule Malukhu, ana filimbi shingoni kama refa. Akasalimia kila mtu. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akauliza, kwa adabu kubwa, kama Mwalimu ana leseni.

Hajati akasema hilo ni swali zuri.

Ninayo ya mwanafunzi tu. Niliikata mapema mwaka huu, kimya kimya, nikaificha. Mtu wa umri wangu, na kibao cha L nyuma ya pikipiki! Vijana wa steji ya boda wangenicheka mpaka nihame mji. Kwa hiyo nikasema leseni iko nyumbani. Hajati akasema niilete kesho.

Jumapili, 7 Septemba

Mpango. Leseni ni kadi. Kadi zinafanana. Hajati haoni vizuri, na miwani haivai mbele za watu. Nikatoa kadi moja kabatini, iliyofungwa kwenye plastiki. Niipitishe haraka usoni pake, niirudishe mfukoni. Basi.

Niliipitisha. Hajati akanidaka mkono. Akafungua mkoba. Akavaa miwani. Akasoma taratibu, mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza mimba ina miezi mingapi.

Ilikuwa kadi ya kliniki ya mke wangu, Mama Bruhan, ya wakati wa mtoto wetu wa mwisho.

Kina mama walicheka hadi mmoja akakaa chini. Makokha hakucheka. Alitazama pembeni, kama mtu anayemstahi mgonjwa. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikasema haraka kwamba nimekumbuka, leseni iko Jinja, niliipeleka kubadilishwa. Hajati akasema basi anataka kuiona Ijumaa baada ya swala. Isipofika, darasa ni la Makokha. Akaniomba pia nisisimame muda mrefu, miguu itavimba.

Mama Bruhan naye hakucheka. Alisema Baba Bruhan, wewe ni mtu mzima, nenda ukawaambie huna, kisha ukafanye mtihani kama watu wengine. Nikamwambia haijui kazi hii. Darasa hili likiondoka, jina la Mwalimu linaondoka nalo. Nitabaki mtu mwenye pikipiki tu. Mji umejaa watu wenye pikipiki.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimejiandikisha kwa mtihani wa Alhamisi. Jinja! Mbale pia wanafanya, lakini Mbale kila kuku ananijua. Jinja sijulikani. Nitafanya, nitafaulu, nitarudi na kadi, nitasema ndiyo ile ile. Mpango hauna tundu.

Nimeazima kitabu cha alama za barabarani. Alama ni nyingi kuliko nilivyodhani. Moja imesimama karibu na kwangu. Kila siku naegesha pikipiki chini yake na kutundika koti langu juu yake. Kumbe inakataza kuegesha.

Nikamwita Khainza, mwanafunzi wangu bora, mshona nguo. Nikamwambia leo namjaribu kwa njia mpya: yeye aulize, mimi nijibu, ili ajifunze kuuliza. Akauliza. Nikajibu. Akanisahihisha kwa upole, karibu kila mara. Mwisho akataka kujua kama Mwalimu ana homa. Nikasema kidogo.

Kisha akaniambia yuko tayari. Mtihani wake ni Alhamisi. Atafanyia Jinja, kwa sababu dada yake anaishi huko.

Jinja!

Nikamwambia nimesikia Alhamisi wamefunga. Akasema amepiga simu asubuhi, wako wazi. Nikasema kutakuwa na mvua. Akasema ana koti. Akaniomba nimwazime pikipiki ya mtihani. Nikasema inaumwa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetangulia Jinja. Mbinu: nifike mapema kabla ya Khainza, nifanye, nipotee.

Nimepita barabara ya Tirinyi. Kibao cha L nilikifunga nyuma, kisha nikakifunika kwa gunia. Sheria inasema kibao kionekane. Kinaonekana, ukiinua gunia. Karibu na Iganga upepo ukalichukua gunia. Sikujua. Nilipita katikati ya mji nikishangaa kwa nini wenye boda wananipigia makofi. Mmoja akanifuata hadi mwisho wa mji, akaenda sambamba nami, akanishauri kwa huruma: "Mzee, usiogope. Shika kwa mikono yote miwili. Utazoea tu."

Nimenunua helmeti inayofunika uso wote. Kesho siivui kwa lolote.

Alhamisi, 11 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika uwanjani asubuhi, nimevaa helmeti. Jua likapanda. Ndani ya helmeti nilikuwa naiva. Khainza akaja, akasimama nyuma yangu kwenye mstari. Aliitambua pikipiki kabla ya kunitambua mimi. Akaishika tangi, akasema imepona haraka. Nikamjibu kwa Lusoga, lugha ya huko, kwa sauti nzito, kwamba amekosea mtu.

Hapo ndipo Afande Gorreti, anayesimamia mtihani, akasoma jina kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mwanafunzi Siraj! Kutoka Mbale! Avue hiyo helmeti, uso uonekane.

Nikavua. Khainza akanitazama. Kisha akatazama viatu vyake, na akaendelea kuvitazama. Mwishowe akasema: "Pole, Mwalimu." Angenitukana ingekuwa nafuu.

Maswali ya karatasi nilifaulu. Yote niliyoyajua yalitoka kwa Khainza, siku ile nilipokuwa na homa.

Ikaja zamu ya uwanjani. Khainza aliomba pikipiki yangu, na sasa sikuwa na ugonjwa wa kuisingizia. Kitu cha kwanza, akavigeuza vioo vikatazama barabara. Akazunguka koni kwa umbo la nane, mguu haukugusa chini. Akaambiwa asimame ghafla. Akaikamata breki ya mbele! Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amesimama wima, Afande anaandika, hakuna aliyekufa.

Amefaulu. Nikamuuliza amejifunza wapi mambo hayo. Akasema, bila kunitazama, kwamba kila asubuhi huenda kwa Makokha. Kwangu alikuwa akija jioni ili nisijisikie vibaya.

Zamu yangu. Nilianza vizuri, nasema kweli. Nane ya kwanza ilipita. Naingia ya pili, mama mmoja mwenye mzigo wa kabichi, pembeni mwa uwanja, akainua mkono na kuita boda!

Sikufikiri. Mikono ilifikiri yenyewe. Nikatoka kwenye koni, nikasimama miguuni pake, nikapanga kabichi, nikageuza kioo nimwone, tukaondoka. Njiani tuliongea habari za mvua. Mama mwema sana. Mtihani niliukumbuka nikiwa sokoni, namrudishia chenji.

Nikarudi mbio. Koni zilikuwa pale pale. Watahiniwa wote walikuwa wamekaa kwenye nyasi kama watu wanaongoja mpira uanze. Afande Gorreti alikuwa amesimama, kalamu mkononi. Akaniuliza, kwa kile Kiswahili cha kiaskari kinachomfanya mtu abane visigino, kama abiria amefika salama.

Nikasema ndiyo, Afande.

Akasema vizuri. Akaandika. Kwa muda mfupi nilidhani nimefaulu.

Nimefeli. Tena akaniambia mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria barabarani, na kwamba leo sitagusa usukani mbele ya macho yake. Kwa maneno yake mwenyewe: "Bwana, leo wewe ni mzigo." Akamuuliza Khainza, ambaye kadi yake ilikuwa imeshatoka, kama anaweza kunifikisha nyumbani. Khainza akasema ndiyo, Afande, niko njiani kwenda huko.

Nikakaa nyuma. Nimebeba watu maisha yangu yote, sikujua kwamba nyuma hakuna pa kuweka mikono. Niliupakata mkoba wake. Kila tuliposhuka mlima nilimwambia azime injini. Alijifanya hasikii.

Tuliingia Namakwekwe jua bado liko juu. Nilimwomba apite njia ya nyuma. Akasema ile ya mbele ndiyo ina lami. Steji nzima ikasimama. Mmoja akapaza sauti, Khainza, huyo umemtoa wapi? Akajibu Jinja. Wangeweza kuishia hapo. Hawakuishia hapo. "Mwalimu! Kumbe leseni ndiyo hiyo imekubeba?"

Nilishuka mlangoni kwangu nikiwa bado nimeukumbatia mkoba wa mwanamke.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nilikwenda uwanjani. Njiani nilitunga maelezo. Mtandao wa ofisi ulikuwa chini. Mashine ya picha iliharibika. Yote yalikuwa mazuri.

Hajati alikuwa tayari ana habari ya kabichi. Jinja ni mbali, lakini simu haitembei kwa miguu. Akaniuliza mbele ya wote leseni iko wapi. Nikafungua mdomo nitoe ile ya mtandao. Khainza alikuwa amesimama pale pale. Hakuwa amesema lolote baya juu yangu kwa mtu yeyote, nilijua hivyo, na sijui kwa nini ndilo lililonivunja. Nikasema nimefeli. Nikasema sijawahi kuwa nayo.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Makokha akasogea. Akasema hata yeye, kule kwao, alirudia mtihani zaidi ya mara moja, na kwamba kumwangusha mtu mzima si kazi ngumu, kazi ni kumwinua. Nikamchukia zaidi.

Hajati akampa darasa. Khainza atamsaidia. Kisha akasema kwamba mpaka nirudie mtihani, naweza kuja kujifunza pamoja na kina mama. Nitasimama mbele ili nione vizuri. Nikasema asante, Hajati. Ilitoka sauti ndogo, kama ya mtu mwingine.

Nikaenda nyuma ya pikipiki yangu, nikainama, nikajifanya nakagua mnyororo. Mnyororo haukuwa na tatizo. Niliukagua muda mrefu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mtu mpya! Asubuhi nilimwambia Mama Bruhan kwamba nimetubu. Sitafundisha tena kitu nisichokijua. Alinitazama kuona kama natania, kisha akanipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, chakula cha sikukuu. Akaniita Baba Bruhan kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi.

Nilikwenda darasani. Nikasimama mbele. Makokha alipuliza filimbi, nikafanya kila alichosema. Nilijaribu breki ya mbele. Inafanya kazi! Miaka yote ilikuwa pale, inanisubiri. Kina mama wakanipigia makofi, na safari hii yalikuwa makofi ya kweli. Niliona haya, lakini haya nzuri. Nikasema moyoni, hivi ndivyo watu waaminifu wanavyojisikia.

Wakati wa mapumziko, Milly, anayeuza samaki wakavu, akanivuta kando. Kaka yake amemwachia gari, limekaa uani linaota majani. Akanong'ona kama namjua mtu wa kumfundisha.

Nilifungua mdomo niseme simjui. Nikajisikia nikimuuliza ni la gia za mkono au ni otomatiki.

Otomatiki, akasema.

Nikacheka kidogo puani, kama mtu aliyeharibu mengi ya aina hiyo na kuyatengeneza. Gari mimi nimewahi kulisukuma tu. Lakini fikiria! Magurudumu manne. Halianguki upande. Hakuna koni inayohitaji usawa wa mwili. Tena nimechunguza: Makokha hafundishi magari.

Nilijua kuwa nafanya vibaya. Nikafikiria malewa, nikafikiria Khainza na viatu vyake. Kisha Milly akaniita Mwalimu.

Tunaanza kesho saa kumi. Mama Bruhan nimemwambia naenda kumsalimia mgonjwa. Nitafika mapema, kabla Milly hajatoka sokoni, nitafute mahali ufunguo unapoingia.