Ombi Kuhusu Friza Zisizotoa Joto

Kwa Mkurugenzi wa Maabara,
Mamboleo, Kisumu.

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni Magdalene Akello, katibu wa akina mama tunaokausha dagaa wa omena nyuma ya maabara yako. Tumesikia unalinganisha aina tatu za friza za kuhifadhia sampuli kwenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri. Kwa heshima, ulinganisho huo una kasoro. Hakuna aliyeuliza omena itakauka wapi msimu huu wa mvua.

1. Friza zenu za zamani zina kompresa mbili, moja ikiipoza nyingine, na joto lote hutokea kwenye tundu la ukutani. Hapo ndipo tunapotandaza nyavu zetu. Omena ya mwezi huu imekauka kuliko ya msimu wowote. Benta, mchuuzi wa Kondele, anainunua yote bila hata kuinusa.

2. Friza mpya, yenye injini ya gesi ya heliamu, hutumia umeme kidogo na karibu haitoi joto. Ninyi mnaiita hiyo sifa. Tulipomuuliza fundi wenu Wechuli, alitujibu, "Mama, hii ni friza, si jiko." Hilo si jibu la mtu anayekula omena yetu kila mchana na kuomba nyongeza.

3. Ya naitrojeni haina kompresa kabisa, na ikifunguliwa hutoa ukungu baridi. Hatutaizungumzia.

4. Kwa hiyo tunaomba mbaki na zile za zamani, muongeze mbili, na milango iachwe wazi kidogo ili kompresa zisipumzike. Sampuli zikiyeyuka, wafadhili wenu wataelewa. Mwalimu mkuu haelewi omena mbichi. Anawarudisha watoto wetu nyumbani kwa kukosa karo.

Wasalimie watafiti, walinzi, na Mama Wepukhulu anayepiga deki. Mvua isiwapate njiani.

Ni mimi, kwa niaba ya wote,
Magdalene Akello

N.B. Wechuli amepita sasa hivi kuchukua omena. Anasema friza za zamani zilizimwa mwisho wa mwezi uliopita; zinazofanya kazi ni za heliamu. Tumeushika ukuta. Ni baridi. Inaonekana omena yote ya mwezi huu imekaushwa na jua. Basi nunueni friza mnayotaka. Tunachoomba sasa ni mbomoe ukuta, maana unatuzibia jua mpaka saa nne.