Njama za Dereva wa Glavu Nyeupe

Jumatatu, 6 Mei

Basi limeniacha. Na si kwa bahati mbaya, ni kwa makusudi! Nilikuwa nakimbia, mkono juu, mkate mdomoni. Dereva akaniona kwenye kioo. Najua aliniona, kwa sababu hata mimi nilimwona. Akaondoa gari. Ni yule anayevaa glavu nyeupe kila siku. Mtu mwema glavu za nini, kama si kuogopa kuacha alama za vidole?

Na kiti cha mbele kakaa nani? Tabasamu, mwenzangu wa ghala la rangi. Tulimpa jina hilo kwa sababu meno yake hayajawahi kupumzika.

Nimefika kazini wenzangu wameshapanga makopo yote. Bosi akaniita ofisini, akasema amechoka na mimi. Anatafuta mkuu wa ghala, amebakiza wawili tu, mimi na Tabasamu. Nikichelewa tena wiki hii, funguo anapewa Tabasamu, mimi narudi kupakia makopo kwenye malori. Mke wangu ameshawatangazia dada zake kwamba cheo ni changu. Mmoja amenipongeza mbele za watu!

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tabasamu amemweka dereva mfukoni.

Jumanne, 7 Mei

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Leo nimechelewa kidogo kutoka nyumbani, nikakuta basi kituoni, mlango wazi, linanisubiri. Jana linanikimbia, leo linanisubiri! Machale yakanicheza. Dereva akasema karibu mzee, pole na mbio. Pole ya nini? Hajui hata jina langu.

Tabasamu akamwinamia dereva, akamnong'oneza. Wote wawili wakaniangalia. Nikajifanya hamnazo, nikatazama nje.

Tukapishana na basi jingine. Dereva wake akajipigapiga utosini, wetu akamjibu kwa taa. Nikajishika kipara. Humo ndani mwenye kipara ni mimi peke yangu! Mama aliyekaa kando yangu akanieleza kwamba ni kawaida ya madereva, wanaonyana kuwa mbele yuko mwenye kofia, yaani trafiki. Nikacheka moyoni. Eti trafiki. Tukakata kona, na kweli, trafiki huyo kasimama na kofia yake.

Loo! Kumbe hata polisi wamo.

Jumatano, 8 Mei

Dawa ya moto ni moto. Kama Tabasamu kamteka dereva kwa meno, mimi nitamteka kwa chai. Nikamwomba mke wangu chupa nzima, ya tangawizi, na mayai ya kuchemsha. Akauliza naenda safari gani. Nikamwambia mambo mengine ni ya wanaume.

Dereva akashukuru, akasema akiwa kwenye usukani hali wala hanywi. Haya! Anayekataa chai yangu ameshashiba ya mwingine. Nikang'ang'ania, nikammiminia kikombe. Akakanyaga breki, chai yote ikaishia kwenye suruali yangu. Tabasamu akaruka na leso, akanipangusa goti mbele ya abiria, huku anacheka meno yote nje. Nilitamani nimtafune.

Nimewahi kazini. Bosi kanisifu. Nikaenda zangu, sifa zake nazo zina jambo.

Nimeshapata mpango. Hawa wananiweza kwa sababu wanajua ninapopandia. Kesho hawatanijua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeamka kabla ya jogoo. Nikavaa koti la mvua, kofia yake hadi kwenye nyusi, ingawa mbingu haikuwa na hata wingu. Nikatembea mpaka kule basi linakoanzia safari, nikaingia kwa mlango wa nyuma katikati ya watu, nikajikunyata kiti cha mwisho. Raha iliyoje! Dereva hana habari.

Tulipofika kituo changu, basi likasimama. Dereva akazima injini. Akapiga honi. Akapiga tena. Abiria wakaanza kusonya. Akawaomba radhi, akasema kuna abiria mmoja mwenye kipara, akichelewa leo anakosa cheo chake, na mwenzake kazini amemsihi asimwache tena. Tabasamu akateremka, akaenda kuchungulia barabarani. Mtu mzima, anakimbia huku na huko na viatu vya kazi!

Mtego huo. Mtego mtupu! Walitaka nijitokeze mwenyewe. Thubutu. Nikavuta kofia mpaka puani.

Tukasubiri. Abiria wengine wakateremka kwa hasira. Kisha simu yangu ikalia mfukoni. Mke wangu! Kumbe Tabasamu alikuwa amempigia kuuliza niko wapi. Nikaibana kwa mapaja, ikazidi kulia. Yule mama wa juzi akanifunua kofia, akasema si huyu hapa?

Basi zima likanigeukia. Dereva akaniangalia kwenye kioo. Akawasha gari.

Tumechelewa wote.

Ijumaa, 10 Mei

Bosi alimuuliza Tabasamu kwa nini jana alichelewa. Akajibu kwamba basi lilikuwa linamsubiri mfanyakazi mwenzake. Bosi akanigeukia, akauliza na huyo mwenzake alikuwa wapi. Nikasema ndani ya basi.

Funguo kapewa Tabasamu. Nimeumia, siwezi kuficha. Nimemsimulia mke wangu yote, akaenda kukaa uani peke yake, na simu za dada zake hakupokea hata moja.

Tabasamu amemwomba bosi nisirudishwe kwenye makopo. Nimebaki kwenye meza yangu, jirani na yake. Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Mtu akikutaka karibu hivyo, ana lake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 13 Mei

Dereva amebadilishwa. Wa glavu kahamishiwa njia nyingine, kwa ombi lake mwenyewe, wanasema. Sasa yupo mama wa makamo, mpole, anaendesha basi bila papara. Nilipopanda akanisalimia vizuri, akasema karibu baba, viti vipo, kaa.

Hanijui, simjui. Sasa nani alimwambia kwamba nataka kukaa?

Viti vilikuwa tele. Nimesimama mpaka kazini.