Ukungu Uko Mugoma

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekasirika tangu asubuhi na sioni sababu ya kuacha.

Mkwe wangu, Mzee Ntwari, amepiga simu kutoka Mugoma. Nikasimama kumsalimia, ingawa hanioni. Shikamoo baba. Marahaba. Kisha, bila hata kuulizia watoto, akatangaza. Jumamosi binti yake wa mwisho, Francisca, anafunga ndoa huku kwetu Biharamulo. Msafara utaondoka Mugoma alfajiri, na alfajiri ya Mugoma mwezi huu ni ukungu mtupu. Kwa hiyo bibi harusi atapanda gari lenye taa za ukungu. Gari jingine litabeba masufuria.

Gari jingine! Jina hakutaja, lakini wakwe wenye magari tuko wawili tu: mimi Mihayo, na Juvenali wa Bugarama. Juvenali ni mwanyumba wangu, amemwoa dada wa mke wangu. Mhangaza kama wao, kazaliwa kwenye ukungu, kalelewa kwenye ukungu, na gari lake lina taa za ukungu. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Kwetu vitu vinavyoziba njia ni vumbi na ng'ombe. Miaka yote nimekuwa mkwe wa kutoka mbali, yule anayepewa kiti cha karibu na mlango. Sasa nipewe na masufuria?

Ildefonsa, mke wangu, anasema masufuria nayo yanafika harusini. Nilikwenda kuosha gari, nikasugua kwa hasira mpaka stika ya nyuma ikabanduka.

Francisca nitambeba mimi. Hata kama ni kwa kumwiba!

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Fabrice, fundi umeme wa magari pale stendi. Nikamwambia nataka taa za ukungu. Akauliza, mbili? Mbili! Mbili anazo Juvenali. Nikasema sita.

Akapiga magoti mbele ya bampa, akaonyesha kwa bisibisi: zinakaa hapa chini, zinatazama barabara, mwanga unatambaa chini ya ukungu. Unatambaa! Kwani nanunua nyoka? Nikamwambia azifunge juu ya keria, zote sita kwa mstari mmoja, zitazame mbele moja kwa moja, ili watu wa Mugoma wanione kabla sijafika. Na nyuma anifungie moja nyekundu, kubwa, ili Juvenali ajue yuko nyuma ya nani.

Akauliza swichi aiweke wapi. Swichi ya nini? Taa nimenunua ziwake. Ukiwa na swichi, iko siku utasahau kuwasha. Aunganishe na ufunguo: gari likiwaka, na zenyewe ziwake. Akatikisa kichwa, akaanza kukata nyaya. Wivu wa mafundi nimeuzoea.

Jioni nikawasha gari uani. Kuku wa jirani wakashuka kutoka kwenye mti wao wakidhani kumekucha. Jirani akatoa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilifurahi kidogo, kisha nikakumbuka masufuria, nikakasirika upya.

Jumatano, 20 Novemba

Waongo! Barabara nzima, waongo!

Nilipeleka abiria Kasulo. Jua kali, mbingu safi, taa zangu sita zinawaka huko juu. Gari langu ni mchomoko, lile gari dogo la abiria ambalo kila mmoja hulijaza kuliko lilivyoumbwa, na mimi pia nilikuwa nimezidisha mtu mmoja. Kabla ya Nyakahura, lori lililokuwa likija likanipigia taa. Kila dereva anajua maana yake: trafiki mbele. Nikashukuru. Nikapunguza mwendo, nikaamuru watu wafunge mikanda, nikamshusha Mama Kwandu, ambaye ndiye aliyezidi, atangulie kwa miguu na ndoo yake ya dagaa. Tukamfuata polepole. Hakuna trafiki. Nikampandisha.

Basi likanipigia taa. Nikamshusha. Hakuna trafiki. Nikampandisha. Noah ikanipigia taa. Nikamshusha. Hakuna kitu! Mbuzi tu.

Mara iliyofuata Mama Kwandu akagoma kushuka. Akasema kwa Kisukuma, lakini kwa sauti ambayo hata Mhaya aliyekaa mbele alielewa, kwamba hao madereva hawanionyi trafiki. Wananiambia mataa yangu yanawachoma macho. Nikamwambia: mayu, mama yangu, wewe ni abiria, udereva niachie mimi. Akanuna mpaka Kasulo. Dagaa nao walinuka mpaka Kasulo.

Na nyuma kulikuwa na fuso, honi njia nzima. Tulipofika, dereva wake akashuka, akanijia. Eti anaona taa nyekundu inawaka, anadhani nimekanyaga breki, anakanyaga na yeye, kumbe mimi naenda tu. Eti breki zake zimeanza kutoa moshi. Nikamshauri asinifuate.

Nimelifikiria jambo hili usiku huu. Magari mengi kiasi hicho hayawezi kudanganya siku moja kwa bahati mbaya. Kuna mtu kayapanga, anicheleweshe, nionekane sifai kubeba bibi harusi. Na Bugarama kuna mtu mmoja tu mwenye simu na roho ya namna hiyo.

Kuanzia leo siamini taa ya mtu yeyote.

Alhamisi, 21 Novemba

Pikapu ikanipigia taa karibu na Nyakahura. Nikacheka kwa sauti. Nikakanyaga mafuta.

Alikuwepo trafiki.

Afande mwanamke, kapiga pasi sare mpaka inakata. Akaliangalia gari, akaangalia jua, akaniuliza: ukungu uko wapi? Nikamjibu kwa heshima, uko Mugoma. Akasema hapa ni Nyakahura. Nikasema najua, Afande. Akaanza somo. Taa hizi ni za ukungu au mvua nzito, basi. Zinakaa chini, zinatumika pamoja na dimu, ule mwanga mfupi. Kukiwa kweupe unazima, ya mbele na ya nyuma, maana unawapofusha wenzako. Akasema nizime.

Nikamweleza kwamba hazina swichi. Akarudia: zima. Nikazima gari. Zikazimika. Nikamwambia, umeona?

Hakufurahi. Faini. Tena akanilazimisha nizifunike kwa magunia palepale, watu wa sokoni wakitazama, na akasema asilione tena gari hilo likiwaka kama jukwaa la muziki. Magunia niliyavua baada ya kona ya kwanza.

Juvenali ndiye aliyemweka pale. Najua.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeshinda! Nimeshinda lakini bado nimekasirika, maana imebidi nishinde mbele ya Juvenali, na yeye hakuonyesha kuumia.

Tulifika Mugoma kabla ya giza, mimi na Ildefonsa. Nyumba imejaa ndugu, pombe ya ndizi inachujwa, wanawake wanaimba jikoni. Giza lilipoingia nikamwomba baba mkwe atoke nje, nikawasha gari. Uwanja wote ukawa mchana. Mzee Ntwari akaziba uso kwa kofia. Akasema tangu umeme ufike Mugoma hajaona kitu kama hicho. Akalizunguka gari, akahesabu taa kwa kidole. Kisha akatamka mbele ya watu: Francisca atapanda la Mihayo, litangulie, na yeye mwenyewe atakaa mbele. Juvenali abebe masufuria.

Miaka yote ya kiti cha mlangoni! Nilitamani baba yangu angekuwa hai asikie. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia moshi.

Taa za Juvenali nimeziona. Mbili, za njano, ziko chini ya bampa kama macho ya kuku anayeumwa. Akanivuta pembeni, akaniita mwanyumba, kwa ule upole wake wa kuudhi. Eti kwenye ukungu mwanga wa juu unakurudia mwenyewe usoni. Eti kesho nisipige fulu, ule mwanga mrefu, niweke dimu, niende polepole, nifuate ukingo wa barabara. Eti ana spana, tuzishushe mbili tuzifunge chini usiku huu, yeye atashika tochi. Nikamwambia akaoshe masufuria yake.

Jumamosi, 23 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye ukungu.

Nilikuwa sijawahi kuuona. Nimeuona kwa mbali, ndiyo, umekaa mabondeni. Lakini kuingia ndani yake alfajiri, na bibi harusi nyuma, na baba mkwe ubavuni, hapana. Nikawasha gari na mbele yangu ukasimama ukuta mweupe kama uji wa mgonjwa. Bampa langu sikuliona. Nikasema, mwanga hautoshi. Nikapiga fulu. Ukuta ukazidi kuwa mweupe, ukasogea karibu. Mzee Ntwari akasema punguza taa. Nikasema baba, ndizo hizo zinatuokoa.

Tukaenda. Nyuma Ildefonsa alikuwa ameshika shela ya mdogo wake isikunjwe, na huku anasali. Nikatoa kichwa dirishani. Kweupe. Kwenye kioo niliona vile vitaa viwili vya njano vya Juvenali vikifuata kwa mbali, chini chini, havina haraka.

Gari lililokuwa likija likanipigia taa. Mara moja, mara mbili, mara nyingi, na honi juu. Mzee akasema, huyo anatuonya. Nikamwambia baba, watu wa barabara hii nawajua tangu Jumatano. Sikupunguza.

Kitu kikapondeka chini ya magurudumu. Matawi mabichi. Nikadhani mtu kaangusha kuni. Francisca, mtoto wa Mugoma, akapiga kelele kwamba ni matawi ya gari bovu. Hapo ndipo tako la lori likatokea ndani ya weupe, limesimama katikati ya njia, limejaa ndizi, liko karibu kiasi cha kuligusa.

Nikakata usukani. Tukaruka mtaro, tukaingia kwenye migomba, mgomba wa kwanza, wa pili, wa tatu, tukasimama.

Niliogopa. Naandika neno hilo mara moja tu. Mkono wa Francisca ulikuwa umeshika kola yangu kwa nyuma na ulikuwa baridi. Nikawaita mmoja mmoja kwa jina, wakaitika. Mzee ndiye aliyechelewa kuitika, na katika kimya hicho ningempa Juvenali gari, taa na hata jina langu. Kisha akakohoa.

Juvenali alikuwa amesimama kabla ya matawi. Eti vile vitaa vyake vya chini vilimulika majani yakiwa bado mbali, na alikuwa anatambaa, kwa hiyo akasimama tu. Kama mtu anayefika nyumbani. Akashuka, akaweka pembetatu yake, akatutoa mmoja mmoja. Hakunisema. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Francisca akaingia kwenye gari la masufuria, sufuria la pilau mapajani, shela juu ya sufuria. Mzee Ntwari akakaa mbele. Kabla ya kufunga mlango akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mimi nibaki hapo niimulikie migomba.

Nikabaki. Taa nne bado zinawaka huko juu, mbili zimevunjika. Wanakijiji walipokuja kunivuta ukungu ulikuwa umeshapaa, na walinicheka mmoja mmoja kisha kwa pamoja.

Nilifika ukumbini Biharamulo wakati wa keki. Juvenali alikuwa meza kuu, karibu na baba mkwe. Mimi nikapewa kiti karibu na mlango. Kando yake yalikuwa yamepangwa masufuria.

Jumapili, 24 Novemba

Nimetafakari vya kutosha na kosa nimeliona. Taa zilikuwa chache.

Ukungu ni mweupe na mwingi, taa sita zinaufanyia nini? Fabrice atanifungia nane. Habari ya swichi sitaki kuisikia: ningekuwa na swichi, jana baba mkwe angenishawishi nikazima, tungepotea kabisa. Francisca akijaaliwa mtoto kutakuwa na ubatizo Mugoma, na mtu atabebwa. Tutaonana huko, Juvenali.

Mzee Ntwari amerudi kwao leo kwa gari la Juvenali. Masufuria nimepewa mimi niyarudishe. Sawa. Nimeondoka Biharamulo jua likiwa kali, taa nne juu, masufuria yakipiga kelele nyuma. Njiani Juvenali akanipita. Nikaangalia bampa lake: amezima! Ana taa za ukungu na haziwashi! Mtu bahili namna hii ndiye anayekaa meza kuu.

Karibu na Nyakahura basi likanipigia taa. Muongo mwingine. Nikakanyaga mafuta.

Naandika haya nikiwa nimeegeshwa kando ya barabara. Ni Afande yule yule. Ameniuliza ukungu uko wapi. Nimemwambia avumilie, ndiko ninakoenda. Akasema nizime taa.

Nimezima gari.