Mgonjwa Mmoja wa Palioklisi

Dokta Fotini aliingia mkahawani kwa Asimina, kijijini kwetu milimani, na karatasi kutoka mkoani. Majira yote ya baridi alikuwa akiwaandika wagonjwa wa kifua kwenye rejista mpya ya kompyuta, maana kijiji chenye wagonjwa watano kinapewa mashine ya oksijeni.

"Palioklisi," akasoma. "Wagonjwa: mmoja. Kifua kimembana mara tisa."

"Maskini," akasema binamu yangu tunayemwita Wakili. "Nani huyo?"

"Ni nyinyi."

Rejista haitaki majina, eti siri ya mgonjwa. Inataka herufi za kwanza, mwaka wa kuzaliwa na kijiji. Sasa sisi ni mabinamu watano, baba zetu ndugu, na wote tumepewa jina la babu: Argyris Mavros. Na wote ni wa mwaka hamsini, kwa sababu baba zetu walirudi kutoka jeshini wiki ileile na hawakuwa na redio.

"Mkoani wamechanganyikiwa," Dokta akaendelea. "Jumatatu mgonjwa ana kilo sitini, Ijumaa ana mia na kumi na tano."

"Mia na kumi na tano ni Wakili baada ya sikukuu," akasema Asimina kutoka jikoni.

"Na kwenye swali la sigara, mara zote tisa amejibu havuti."

Tukashusha mikono chini ya meza. Moshi ukabaki juu.

Baruti, aliyelipua miamba mgodini miaka thelathini, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha. Mwezi uliopita tulimshusha mjini kwa pikapu ya mbuzi, dakika hamsini kwenye theluji, midomo imekuwa ya buluu. Mimi ndiye niliyempakata, na niliogopa kuliko yeye.

"Nimewabembeleza watu wa mkoani," akasema Dokta. "Wamekubali niongeze majina ya utani. Mkitimia watano, mashine inakuja. Mwisho ni leo."

"Mimi Baruti."

"Wakili. Nimeshtaki mara tatu kwa ajili ya uzio mmoja."

"Na kushindwa mara nne," akasema Baruti.

"Wawili walio kitandani nyumbani ni Kinyozi na Padri," akasema Asimina.

"Kumbe mna padri?"

"Hajakanyaga kanisani tangu abatizwe."

Dokta akanigeukia. "Na wewe, mzee?"

"Mimi sina jina la utani. Mimi ni mtu na heshima zangu."

Asimina akaanza kufuta glasi iliyokuwa safi.

"Semeni basi," nikawaambia.

"Binamu, utanuna," akasema Baruti.

"Sinuni."

"Funga Mlango."

"Tangu lini?"

"Tangu themanini na moja. Hata marehemu mkeo alikuwa akikuita hivyo."

Ni kweli, popote ninapoketi huamuru mlango ufungwe. Upepo ukinigusa shingo tu, mimi nishaanza kuchagua sanduku la kuzikiwa.

Dokta alikuwa akipanga tarehe kwenye kompyuta yake. "Ngoja. Nikiwatenganisha, sasa naona. Wa kwanza kuumwa ni Funga Mlango, tarehe nne Januari. Siku hiyo ulishinda wapi?"

"Hapa."

"Ukikohoa?"

"Vumbi la kuni tu."

"Na mlango?"

Ulikuwa umefungwa, kwa amri yangu. Wote walinitazama mimi. Baada yangu aliambukizwa Padri, kisha Kinyozi, kisha Wakili. Wa mwisho Baruti.

"Dokta," nikasema, "mimi nifute."

"Nikikufuta wanabaki wanne."

Baruti alikuwa ameshika ukingo wa meza, anavuta pumzi moja moja, na kila moja niliisikia.

"Andika," nikasema. "Na tarehe uiache hapo hapo."

Akaandika, akabonyeza, akatangaza tumetimia watano. Mimi nikainuka, nikaenda kuufungua mlango wazi kabisa. Moshi ukatoka, baridi ya Februari ikaingia, nami nikasimama pale najiona mtu mpya. Baruti akavuta skafu mpaka puani.

"Binamu," akasema Wakili, meno yakigongana, "hebu funga mlango."