Kazi Mbaya ya Tallabena

Jumapili, 16 Novemba

Kocha mkuu Fontenot amefukuzwa. Asubuhi, kabla ya ibada, kama ilivyo desturi ya Mississippi: Jumamosi unafungwa mechi, Jumapili huna ofisi. Jana tulifungwa na watu wa chuo cha Bodock, tena nyumbani kwetu. Nimemwona akibeba boksi la picha zake kwenda garini. Akanipa mkono. Akatabasamu. Nikashuku. Baadaye nikakumbuka kwamba mkataba wake unamlipa akae nyumbani avue samaki. Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua ambayo mtu huishindwa akastaafu tajiri.

Kiti cha kocha mkuu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Tallabena kiko wazi. Nakitaka. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana masikio. Nimekuwa kocha wa ulinzi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimefundisha katika vyuo ambavyo vingine vimekwisha kufungwa. Nina miaka sitini na mmoja. Nikikosa hiki, hakuna kingine. Nani atampa ukocha mkuu wa mara ya kwanza mzee anayeshuka ngazi kwa kinyumenyume?

Na ni kiti kizuri kuliko watu wanavyojua. Wajinga hudhani kazi nzuri ni uwanja mkubwa na kofia zinazong'aa. Kazi nzuri ni vijana. Kutoka ofisini kwetu, kwa tangi moja la mafuta, unafika kwenye sekondari zenye vijana wanene kama majokofu wanaokimbia kama wameiba. Halafu tajiri. Chuo kisicho na tajiri hakisajili mtu. Chuo chenye matajiri wengi kina makocha wakuu wengi. Sisi tunaye mmoja, Mzee Landrum wa mabwawa ya kambare. Anachodai ni kusimama ukingoni mwa uwanja siku ya mechi na kupewa mkono. Rais wa chuo naye husinzia mechi nzima, jambo la heri. Na kubwa kuliko yote: aliyetangulia ameshindwa. Usirithi kamwe kiti cha mtu mwenye sanamu langoni. Rithi cha Fontenot. Ukishinda nusu ya mechi, mtaa unapewa jina lako.

Kwa hiyo kila kocha wa kusini atakitaka. Lazima nifikiri.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefikiri.

Katika kazi yetu hakuna anayeomba kiti kabla ya kumpigia simu mtu wa ndani na kumwuliza hali halisi. Mtu wa ndani ni mimi. Yuko pia Gaddis, kocha wa mashambulizi, lakini nani atamwuliza Gaddis jambo? Ana miaka thelathini na kidogo. Hutafuna ubani mbele ya wakubwa. Huvaa kofia ndani ya nyumba. Leo amepewa ukaimu mpaka mechi ya mwisho. Bibi Vandiver, mkurugenzi wa michezo, alinieleza kwamba mimi sikupewa kwa sababu nina kazi nyingi. Tangu lini mtu huyu akajali wingi wa kazi zangu?

Simu ya kwanza imeingia baada ya chakula cha mchana. Dale Pruett, kocha mkuu wa chuo kidogo huko Arkansas. Zamani tulifundisha pamoja. Aliuliza hali ya mke wangu Lurleen. Akauliza magoti. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka, akasema, "Hivi huko kwenu kukoje siku hizi?"

Nikashusha pumzi ndefu. Nikamwambia vijana wote wazuri wa hapa wanakimbilia majimbo mengine. Nikamwambia Mzee Landrum hupiga simu kila jioni kupanga nani acheze. Nikamwambia jengo la mazoezi linavuja hata wachezaji wananyanyua vyuma wakiwa wamevaa makoti ya mvua. Nikamwambia kocha hapewi muda. Mwaka mmoja mbaya, nje. La kuvuja lina ukweli fulani. Liliwahi kuvuja.

Pruett akaniomba nirudie la paa. Nikalirudia, nikaongeza panya. Akasema mimi ni rafiki wa kweli.

Mbona ananisifu? Watu hawasifu bure.

Jumatano, 19 Novemba

Wamepiga wengi. Mmoja wa Tennessee. Mmoja wa Texas aliyejifanya anamwulizia mpwa wake habari za masomo, kisha akateleza na kuuliza kama nyumba ya kocha mkuu ina gereji. Wote wamehudumiwa. Kila nikisimulia, kazi inazidi kuharibika. Huyu wa Texas nimemweleza kuhusu ugonjwa wa nyasi za uwanjani. Nyasi zetu hazina ugonjwa wowote. Niliona tu kwamba simulizi inahitaji kitu cha kumalizia.

Alasiri nilikwenda kwa Odell kunyolewa. Akiwa ameniwekea wembe shingoni akaniambia amesikia hata nyasi za uwanja zinakufa. Uvumi wangu mwenyewe, umeondoka hapa juzi umekonda, umerudi umenenepa. Akaniuliza, "Wewe Kocha uko mle ndani. Ni kweli?" Nikasema siruhusiwi kusema. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Sijafika mlangoni nikamsikia akimwambia mteja aliyefuata kwamba Kocha Tidmore amethibitisha.

Lurleen, alipokuwa akikaanga kambare, aliniuliza kama nimemwambia Bibi Vandiver kuwa nakitaka kiti. Nikamweleza kwa utaratibu. Anayeomba hupewa kidogo. Anayebembelezwa hupewa funguo. Wote wakishakataa, watageuka wawatazame walioizunguka meza, wataniona nimekaa.

Akasema, "Na wakikuona umekaa, Harlan, watajuaje kama unataka kusimama?"

Mwanamke huyu amehama nami mji baada ya mji bila kulalamika, na sasa ameanza kuuliza maswali. Huenda Gaddis amezungumza na mkewe, na mkewe akazungumza na Lurleen kanisani.

Jumamosi, 22 Novemba

Hatuna mechi leo. Nimesikiliza redio asubuhi nzima. Furaha tupu. Wapigaji simu wanalia. Mmoja alisema Tallabena sasa ni kama nyumba aliyofia mtu, hakuna mpangaji. Mwingine akasema, "Hata kocha wa sekondari ya mwanangu amekataa, na hakuna aliyemwuliza."

Gaddis amekuja ofisini amevaa tai. Jumamosi, bila mechi, tai. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema harusini. Nikamwuliza harusi ya nani. Akasema ya dada yake. Nimeuliza watu watatu tofauti. Wote wanasema kweli dada yake anaolewa leo. Ni mpango uliosukwa vizuri mno.

Jumatatu, 24 Novemba

Ndege ya chuo imeruka.

Kwetu hapa, kocha akifukuzwa, mji mzima unajifunza kusoma anga. Mwenye duka la dawa, mwalimu wa shule ya Jumapili, fundi bomba, wote wanafuatilia ndege ya chuo kwenye simu zao. Inakoelekea ndiko anakotoka kocha mpya. Leo imekwenda Arkansas.

Sikubabaika. Nilielewa mara moja kwamba ni ujanja. Wanairusha tupu ili waandishi wapotee njia. Hata hivyo nilichukua gari la Lurleen, nikavaa miwani yake ya jua, nikaenda kwenye kiwanja cha ndege kujiridhisha.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Watu wamekuja na viti vya kukunja. Karanga za kuchemsha zinatokota. Bwana mmoja mnene anachoma nyama, na mtoto mchanga amevikwa rangi za chuo. Niliteremsha kioo kidogo tu. Yule mchoma nyama akaja moja kwa moja.

"Kocha Tidmore! Umekuja kupokea mtu au unatoroka?"

Nikasema napita tu.

"Barabara inaishia hapa, mzee wangu. Unapita kwenda wapi?"

Wakacheka. Mke wake akasema niachwe, mtu akitaka kukimbia kazi mbaya asizuiwe. Akanipa karanga. Mtu akanipiga picha, na miwani ile.

Ndege ilipotua akashuka Mzee Landrum peke yake. Nilimfuata kwa heshima nikamwuliza alikokuwa. Akasema alikwenda kuangalia samaki. Jibu la moja kwa moja, bila kupepesa macho. Na ni kweli kwamba mtu huyu hufuga samaki. Katika jambo hili lote ndiye mtu pekee ambaye sikumshuku, na ninajisikia vizuri kuona kwamba bado ninaweza kumwamini mtu.

Jioni redio imetangaza kwamba ninahamia Arkansas kwenda kurithi kiti cha Pruett. Dada yake Lurleen amepiga simu kuuliza kama huko kuna baridi.

Jumatano, 26 Novemba

Bibi Vandiver ameniita. Nilivaa suti ya buluu. Njiani nilifanya mazoezi ya kusitasita: ningeomba siku mbili za kutafakari, kisha ningekubali kwa niaba ya vijana.

Alifunga mlango. Akasema wameshazungumza na makocha wengi na wote wamekataa. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema kila mmoja, alipoulizwa sababu, alijibu kwa adabu kwamba rafiki yake wa ndani alimweleza hali halisi.

"Wote walikuwa na rafiki mmoja, Kocha."

Nilitazama zulia.

Hakukasirika. Bora angekasirika. Alisema siku Fontenot alipoondoka, jina la kwanza kichwani mwake lilikuwa langu. Kabla ya mtu yeyote. Alingoja niingie niseme neno moja. Badala yake akaanza kusikia ninavyoieleza kazi yenyewe. "Nikasema, mtu anayeiona kazi hii hivyo nitamtwikaje? Ungekuwa ukatili, kwa umri wako."

Nikamwambia si mbaya kiasi hicho. Nikamwambia ina mazuri yake. Nikamtajia vijana, rais anayesinzia, na ubora wa kumfuata mtu aliyeshindwa. Sauti yangu ilikuwa juu kidogo. Akanishika mkono. Akasema, "Usijilazimishe, Kocha. Tunajua unatupenda."

Kisha akasema mmoja hakukataa. Pruett. Alimwambia Mzee Landrum, huko Arkansas, kwamba anazijua shida zote za Tallabena, na kwamba zikiondolewa atakuja. Kwa hiyo zimeondolewa. Linajengwa jengo jipya la mazoezi. Ndege itakuwa ya kocha mkuu, awafuate vijana kabla hawajavuka mpaka wa jimbo. Mzee Landrum ameapa kutompigia kocha simu, ingawa alishangaa kuambiwa kwamba aliwahi kupiga. Mkataba ni mrefu kiasi kwamba Pruett anaweza kufungwa na Bodock mpaka wajukuu wake wakahitimu. Nyasi zinang'olewa zote.

Kila uwongo wangu umekarabatiwa. Kilikuwa kiti kizuri. Sasa hakuna kama hicho kusini nzima. Nimekiboresha kwa mkono wangu, kipande kwa kipande, kwa ajili ya Dale Pruett.

Bibi Vandiver alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema kwa muda mrefu chuo kilikosa mtu wa kukiambia ukweli.

Ijumaa, 28 Novemba

Jana bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, leo Pruett. Bendi ilipiga. Watu walilia kwa furaha, na Odell kinyozi akiwa mbele yao. Pruett alinikumbatia hadharani, akatangaza kwamba ninabaki kocha wa ulinzi, kwa kuwa mtu mkweli ni adimu. Walipiga makofi. Gaddis naye anabaki. Alinipongeza, akatoa ubani mdomoni kwanza. Anatafuta nini?

Watu walipotoka nilipanda hadi ofisi ya kocha mkuu. Mafundi walikuwa wakipaka rangi. Kiti kilifunikwa nailoni. Nikakikalia. Kutoka pale unauona uwanja wote, hata lango la wachezaji. Nilikuwa sijawahi kuuona kutoka pale. Nilikaa kidogo. Fundi akasema, kwa adabu, "Mzee, samahani, utachafuka." Nikainuka.

Nyumbani Lurleen alinikatia kipande kikubwa cha pai ya kokwa za pekani, akakaa karibu nami mpaka nikakimaliza.

Jumapili, 30 Novemba

Chuo cha Cane Prairie, Louisiana, wamemfukuza kocha wao mkuu asubuhi hii.

Nilitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, nikampigia Armand Thibeaux, kocha wao wa ulinzi, mzee wa rika langu. Nilimwulizia mkewe. Nilimwulizia mgongo wake. Kisha nikauliza, bila haraka, hali ikoje huko.

Akasema rais wa chuo yuko mahakamani. Akasema nusu ya wachezaji wameondoka, na nusu iliyobaki inatafuta usafiri. Jukwaa la mashariki limefungwa na wahandisi. Tajiri wao amewasusa na kuhamia kwenye gofu. Akaniambia, "Harlan, nisikilize. Hata adui yangu nisingemshauri."

Mwongo mkubwa! Anakitaka mwenyewe.

Ninaijua kazi ya mtu mwenye ujuzi ninapoisikia. Hakuna kiti kinachoweza kuwa kibaya hivyo bila mtu kukishughulikia. Hicho lazima ni kiti cha ajabu. Nimekwisha kumwonea huruma Thibeaux, maskini, kwa kudhani kwamba sisi wengine ni watoto.

Simu zimekuwa zikiingia tangu mchana. Makocha wananiuliza mimi habari za Cane Prairie, kwa kuwa sasa ninajulikana kusini nzima kuwa mtu mkweli. Nimewapa maneno yote ya Thibeaux kama alivyoyasema, nikaongeza mafuriko. Wamekata tamaa, kila mmoja.

Sitaomba. Nimevuta kiti karibu na simu.